Kigeuze Kwanza

Kama uko jikoni, endelea na chungu chako, redio isogeze karibu tu, maana leo nitakutuma kazi, na kazi yenyewe iko hapo hapo ulipo.

Leo tunazungumza juu ya vitu vya kale. Ngoja, usizime! Sisemi vya makumbusho. Nasema vile vilivyomo nyumbani mwako: bakuli, sinia, mrashi, chetezo, dele la kahawa, saa ya ukutani iliyonyamaza tangu babu yu hai, kasha lenye mashuka ndani na mende chini. Nasema pia vile unavyoviokota sokoni, kwenye meza za vyombo vya mtumba, kati ya vikombe visivyo na sahani zake na sahani zisizo na vikombe vyake. Tunavijuaje vitu hivi? Vina thamani gani? Na nani atakayetuambia kweli, ikiwa anayetuambia bei ndiye huyo huyo anayetaka kununua?

Nianze na bakuli la shangazi yangu.

Shangazi anakaa Ng'ambo, Unguja. Barazani kwake pana mtungi wa maji ya kunywa, na juu ya mtungi pamefudikizwa bakuli kubwa la maua mekundu na majani ya kijani. Juu ya kitako cha bakuli hukaa kikombe cha kuchotea. Tangu utoto wangu mpangilio ni huo: unaondoa kikombe, unainua bakuli, unachota, unafunika, unarudisha kikombe. Na tangu utoto wangu tunaambiwa bakuli lile lilikuja na jahazi kutoka Maskati, zamani za Sultani Seyyid Said, likachukuliwa na babu wa babu yetu kifuani ili lisivunjike. Nani angebisha? Hadithi tamu, na maji ya mtungi baridi.

Juzi juzi niliondoa kikombe, na kwa mara ya kwanza nikakitazama kitako. Pana muhuri. Simba amesimama, na maneno yanasema Société Céramique, Maestricht, na chini yake, Made in Holland. Wasikilizaji, miaka yote ile nilikuwa nikimwekea simba yule kikombe kichwani! Bakuli limegeuzwa tayari, limeniangalia uso kwa uso, nami sikuliangalia.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke: kigeuze kwanza. Kabla hujauza, kabla hujasugua, kabla hujamwita mwenye vyuma chakavu anayepita na mkokoteni akiita shaba, shaba, betri mbovu, kigeuze chombo, ukitazame chini. Uso wa chombo umetengenezwa upendeze. Kitako hakikutengenezwa kipendeze mtu, ndiyo maana hakisemi uongo sana.

Simba yule alinambia nini? Maastricht ni mji wa Uholanzi. Palikuwa na viwanda vikubwa vya vyombo pale. Kimoja ni cha Petrus Regout, kilichoanza mwaka 1836, ambacho vyombo vyake vingi vina muhuri wa kiumbe mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, yule wa Misri. Kingine ndicho hicho cha Société Céramique. Viwanda hivyo vilitengeneza mabakuli na sahani za maua makubwa kwa soko la mbali, na pwani yetu ilikuwa soko. Vyombo vya bibi harusi vilipangwa kwenye kabati, vya ukutani vikawekwa zidakani. Basi ukiona nyumba nyingi za Unguja, Lamu na Mombasa zina bakuli la maua mekundu la namna hiyo, ujue halikushushwa na jahazi la Maskati. Yaelekea lilikuja na meli ya stima, ndani ya kreti, limefungwa kwa nyasi kavu.

Na lile neno Made in Holland? Hapo sikilizeni vizuri, maana ndipo mwaka unapojificha. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria ya ushuru, na kuanzia 1891 bidhaa zilizoingia nchini kwake zikatakiwa ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Viwanda vya Ulaya vikazoea kuandika, hata kwa mali ambayo haikuwa ikienda Marekani. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo, na kikisema Made in, yaelekea sana ni cha karne ya ishirini. Lakini usiigeuze hukumu hii kinyume! Kisichoandikwa nchi si lazima kiwe cha zamani zaidi. Huenda muhuri umefutika, au hakikupigwa kabisa.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Hesabu imekwisha, hadithi ya jahazi imezama. Nilipomweleza shangazi alinitazama kama mtu aliyevunja bakuli lenyewe.

Sasa nataka tusikilize. Nimekuja studio na mabakuli mawili, fundi mitambo wetu ananitazama vibaya. Naliweka hili la kwanza juu ya vidole, naligonga kwa ukucha. Umesikia? Ngiii, sauti inakwenda mbali. Hili la pili: ko. Basi, limekufa hapo hapo. Hili la pili kwa macho ni zima, hata ukilitazama kwenye jua huoni kitu. Lakini lina ufa, ufa mwembamba kama unywele, na sauti imeufichua. Muuza vyombo mzoefu hununua kwa sikio kabla ya jicho. Ligonge, lisikilize.

Halafu lipeleke kwenye mwanga. Ukiweka vidole nyuma na kivuli chavyo kikaonekana kupita kwenye ukuta wa bakuli, yaelekea hiyo ni kaure ya kweli. Kivuli kisipopita, yaelekea huo ni udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, kama bakuli la shangazi. Ipo njia nyingine ya kihuni kidogo, niliifundishwa na muuzaji mmoja wa Mji Mkongwe. Chini ya bakuli pana ukingo wa duara ambao mara nyingi haukupakwa ile rangi ya kung'aa. Gusisha ncha ya ulimi. Ukinata kidogo, ni udongo, unakunywa mate. Usiponata, yaelekea ni kaure. Lioshe kwanza, tafadhali. Sitaki barua za watu walioumwa matumbo.

Na ndani ya bakuli la namna hii, kwenye sakafu yake, mara nyingi utakuta vidonda vitatu vidogo, vimekaa pembetatu. Watu hudhani limepasuka, wanapunguza bei. Si kupasuka. Kiwandani mabakuli yalipangwa moja juu ya jingine ndani ya tanuri, na katikati yake viliwekwa vigingi vidogo vya udongo vyenye miguu mitatu ili yasigandane. Moto ulipozimwa vigingi vikang'olewa, vikaacha nyayo. Mimi huzipenda alama zile kuliko maua.

Tumeelewana hapo? Kigeuze, kigonge, kipeleke mwangani. Tuendelee.

Sasa tuje kwenye shaba, na hapa nianze kwa kuungama. Nyanya yangu mzaa mama aliacha sinia la shaba, pana, limechorwa maandishi ya Kiarabu ukingoni. Lilikuwa limeiva, rangi yake kama tende. Kijana mimi, nikataka kumfurahisha mama kabla ya sikukuu. Nikachukua ndimu na majivu, nikaona haitoshi, nikachukua dawa ya kikopo, nikaona bado, nikachukua sufi ya chuma. Nikasugua kutwa. Likang'aa kama jua, wasikilizaji, likang'aa mpaka majirani wakaja kutazama. Maandishi ya ukingoni yamebaki kama alama za kucha. Miaka mingi baadaye nilimwonyesha mtu anayevijua vitu hivi. Alilipapasa kwa kidole gumba, akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za msiba: nani kalitenda hivi?

Najua utanambia: mbona bibi zetu walisugua? Kweli, walisugua, kila Idi. Lakini walisugua kwa majivu laini na kumbi la nazi, chombo kinachotumika kila siku, na walisugua kidogo. Ule weusi unaokaa kwenye mitaro ya nakshi ndio unaozifanya nakshi zionekane. Ukiutoa wote, umetoa na mchoro. Mnunuzi wa vitu vya kale anataka chombo kilichoiva, na kuiva huko hakurudi kwa fedha yoyote. Chenye vumbi kipanguse kwa kitambaa kikavu, uishie hapo. Kigeuze, usikisugue.

Na kama hujui ni shaba kweli au ni chuma kilichopakwa? Tafuta spika mbovu ya redio, siyo hii unayonisikilizia, toa sumaku yake nyuma. Igusishe. Ikinasa, ndani mna chuma. Shaba hainasi. Mwenye vyuma chakavu anajua hilo, na mfukoni mwake sumaku haikosi. Yeye hununua kwa kilo, mrashi wenye shingo ndefu iliyofuliwa kwa mkono anauweka mizani moja na bomba bovu la friji. Simlaumu, mizani yake haisomi nakshi. Namlaumu aliyemwita.

Fedha nayo ina mitego yake. Ukipata birika au kijiko kinachong'aa, geuza, tafuta herufi. Ukikuta E-P-N-S, pole, hayo ni madini mengine yaliyopakwa fedha juu kwa umeme, fedha yenyewe ni ngozi tu. Ukikuta simba mdogo anayetembea, amepigwa ndani ya kisanduku pembeni mwa alama nyingine, hapo kaa chini, hiyo ni fedha halisi ya Uingereza, na alama zile jirani zake hutaja mji na mwaka. Nanga, kwa mfano, ni Birmingham. Mji wa bara, hauna bahari karibu, lakini alama yake nanga!

Lakini kikuku cha bibi yako, mkufu wake, ala ya jambia la babu, usitafute simba. Masonara wa kwetu na wa Oman hawakupiga mihuri ya Waingereza. Waliyeyusha reale. Ndiyo, zile sarafu kubwa nzito zenye sura ya mwanamke mnene, malkia Maria Theresa wa Austria. Basi mtu akikwambia kikuku chako si fedha kwa sababu hakina muhuri, mjibu kwa adabu kwamba muhuri uliyeyuka.

Na kwa kuwa tumezitaja reale, nitoe tahadhari. Napigiwa simu mara kwa mara: nimepata sarafu ya mwaka 1780! Hongera, lakini karibu reale zote za Maria Theresa utakazokutana nazo zimeandikwa 1780. Malkia alikufa mwaka huo, na wafanyabiashara wa Arabuni na Afrika walikataa sarafu yenye tarehe nyingine. Kwa hiyo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, na baadaye London, Bombay, Rumi na kwingineko, na mpaka leo Austria bado inazipiga. Yako huenda ni ya juzi. Ina fedha ndani, ndiyo, ina uzito wake, ndiyo. Lakini miaka mia mbili na arobaini, hapana.

Sarafu ninazopenda kuulizwa ni zile pesa za shaba za Sultani Seyyid Barghash, zenye picha ya mizani na mwaka 1299, ambao ni wa Hijria, yaani 1882. Zipo nyingi, bei yake si ya kukuhamisha nyumba, lakini zinapendeza. Na heller, sarafu za koloni la Mjerumani. Kati ya hizo zimo zilizopigwa Tabora mwaka 1916, vitani, kwenye karakana ya reli, kwa sababu Waingereza walikuwa wamefunga bahari na pesa zimeadimika. Pale pale Tabora zikapigwa na za dhahabu, rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake. Hazikuzidi sana elfu kumi na sita. Hiyo ndiyo sarafu ambayo kila tapeli anayo mfukoni, na anakuuzia usiku, kwa haraka, kwa sababu mjomba wake anaumwa.

Tapeli ananikumbusha cherehani. Mnakumbuka? Mwaka 2009, Saudi Arabia, ulizuka uvumi kwamba vyerehani vya zamani vya Singer vina zebaki nyekundu ndani ya sindano, na kwamba zebaki hiyo ni ya thamani kuliko dhahabu. Watu wakavipanga sokoni, wakavisogezea simu za mkononi, ati simu ikikatika basi zebaki imo. Vyerehani vikauzwa maelfu kwa maelfu ya riyali. Zebaki haikuwamo. Haikuwahi kuwamo. Na hapa kwetu uvumi huo huo ulitembea, ukaingia kwenye redio za mbao, ukaingia kwenye televisheni za mgongo, na mpaka leo kuna mtu mahali fulani anafungua redio ya baba yake kwa bisibisi, akitafuta utajiri.

Kweli ya cherehani ni hii. Kina nambari ya kiwanda imegongwa kwenye chuma, na kwa nambari ile unaweza kujua mwaka wake na kiwanda chake. Vingi vya kwetu vilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kikubwa mno kilichofungwa mwaka 1980. Vilitengenezwa mamilioni. Kizuri, ndiyo. Kinashona, ndiyo, kitamshonea mjukuu wako. Lakini kitu kilichotengenezwa mamilioni na kisichokufa hakiwezi kuwa adimu. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunachanganya ukale na uadimu. Pasi ya mkaa ni ya kale, imejaa kila mahali. Santuri ya mwimbaji Siti binti Saad ni changa kuliko pasi nyingi za mkaa. Siti alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zile huvunjika kama vipande vya mkate mkavu. Iliyosalia nzima, na karatasi yake katikati yenye mbwa anayesikiliza gramafoni, hiyo itunze. Usiipange na sahani za chakula, na usiiweke juani.

Mmechoka? Bado kidogo. Tuingie kwenye kasha.

Kasha la msaji, lenye njumu za shaba usoni na mitoto mitatu ya kuvuta chini, ni kitu cha kujivunia, na watengenezaji wa makasha mapya yanayofanana na ya zamani wanajua hivyo. Fundi mmoja aliwahi kunionyesha, kwa fahari, jinsi anavyolizeesha kasha la wiki jana: chai ya rangi, moshi, kuburutwa uani. Kwa mbele huwezi kujua. Kwa hiyo? Kigeuze! Na kama ni zito, livute ukutani utazame mgongo. Mgongo wa kasha hauchongwi kwa ajili ya wageni. Je, mbao zina mistari iliyonyooka ya msumeno wa mkono, au zina mistari ya upinde, upinde, ya msumeno wa duara wa mashine? Skrubu zake vipi? Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye kasha unaloambiwa ni la zamani za Barghash, ama limetengenezwa upya bawaba zake, ama unatengenezwa wewe.

Halafu tazama palipochakaa. Uchakavu wa kweli una sababu. Mkono huchakaza pale unaposhika, mtoto wa kuvuta huchakaza reli yake ya chini, miguu huchakazwa na sakafu na maji ya kupigia deki. Ukiona kasha limechakaa sawasawa kila mahali, kama chui alivyo na madoa, jiulize ni maisha gani hayo.

Sasa mitumba. Wale wa masoko ya Karume na Kongowea na Gikomba mnajua zaidi yangu: belo likifunguliwa, kamera, yaani nguo bora kuliko zote, imeshaondoka. Lakini meza ya vyombo haina kamera. Muuzaji anapanga bei kwa ukubwa na mng'aro, na hapo mwenye tabia ya kugeuza ana bahati. Nikufundishe mchezo mmoja ninaoupenda kuliko yote: tafuta jina la nchi iliyokufa. Ukisoma West Germany, kitu hicho kilitengenezwa kati ya mwaka 1949 na 1990, haiwezi kuwa vinginevyo. Ukisoma Occupied Japan, ni ile miaka michache ya baada ya vita, mpaka 1952. Kikombe cha Czechoslovakia, sanduku la Zaire. Na kwenye mabati ya biskuti, chupa, vibiriti na sanduku za posta za kwetu: Tanganyika. Nina kopo moja la bati lenye neno hilo. Halina thamani yoyote ya fedha, lina kutu, nimelinunua kwa bei ya andazi. Silitoi.

Na kanga je? Kanga nyingi za zamani zina jina, yaani msemo wake, kwa herufi za Kiarabu, na nyingine zimeandikwa tukio lenyewe, uhuru, muungano, sherehe. Kanga inayotaja tukio imejiandikia cheti cha kuzaliwa. Tazama pia yale maandishi madogo ya ukingoni, jina la mfanyabiashara aliyeitoa. Basi kabla hujaikata vipande vya kudekia, isome.

Tufike penye bei, ndipo mlipokuwa mnangojea. Jambo la kwanza: bei unayoiona imetajwa si bei iliyouzwa. Mtu akiweka picha ya bakuli mtandaoni akaandika dola elfu, hajauza, anaota. Tafuta walioliuza, kwa kiasi gani, likiwa katika hali gani. Jambo jingine: kitu kimoja kina bei tatu au nne kwa siku moja. Ya mwenye mkokoteni, ya mwenye duka la mtaa wa Gizenga anayekuuzia wewe, ya mwenye duka huyo huyo anaponunua kwako, na ya mgeni anayekipenda. Mwenye duka akikupa nusu ya anachouzia hajakuibia, ana kodi, ana subira ya miezi. Anayekuibia ni yule anayekuja nyumbani kwa mjane, asifu kiti kibovu dakika kumi, halafu aseme, basi nitachukua na hili bakuli nikusaidie. Akisifu kibovu, tazama jicho lake liko wapi. Mwambie arudi kesho. Anayetaka kweli atarudi, na kesho utakuwa umeuliza watu wawili.

Kuna visivyouzika kabisa, au haviuziki bila ruhusa. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, na milango ya nakshi na miimo yake iliyochongwa kabla ya 1940. Kenya, kitu cha kabla ya 1895 huhesabiwa cha kale. Kukitoa nje ya nchi ni mpaka kibali. Zanzibar ina sheria zake, waulize wa Mambo ya Kale kabla ya kumwuliza mnunuzi. Pembe za ndovu, hata zikiwa vipande vidogo vilivyotiwa kwenye kiti cha mpingo cha babu, usizipeleke sokoni kabla hujaulizia kwa wahusika. Na zile sahani zilizojengewa kwenye makaburi ya nguzo, kama ya Kunduchi, wasikilizaji, zile si vyombo vya nyumbani. Wapo waliozibandua. Sina la kuwaambia hapa redioni.

Ukitaka kulizoesha jicho lako, nenda Ngome ya Yesu pale Mombasa, au makumbusho ya Lamu, ukasimame mbele ya vyombo nusu saa bila kutafuta cha kununua.

Lipo jambo moja ambalo huwezi kuligeuza ukalisoma kitakoni, nalo ni nani alikuwa nacho. Muhuri wa simba uliniambia bakuli limezaliwa wapi. Haukuniambia limeishi vipi. Nilirudi kwa shangazi na daftari. Nikamwuliza, achana na Maskati, wewe ulilionaje mara ya kwanza? Akafikiri. Akasema aliliona kwa mama yake, limejaa tambi za Idi, na kwamba yalikuwa mawili, la pili likaenda Pemba na dada yake alipoolewa. Kwa nani? Akataja. Mwaka gani? Hakujua mwaka, alijua ulikuwa msimu mzuri wa karafuu. Nimeandika yote, nimepiga picha kitako na uso, nimeitia karatasi kwenye bahasha. Mwenye duka akiniona nayo atalipa zaidi kidogo, wanunuzi wa siku hizi wanapenda kujua. Lakini binti wa shangazi aliyekuwa akisikiliza mlangoni alikuwa hajapata kusikia kwamba ana jamaa Pemba wenye bakuli pacha.

Nilimwita muuzaji wa Mji Mkongwe alitazame. Akaligeuza, naam, akaligonga, likalia vizuri, akaziona zile nyayo tatu na hakuzilalamikia, nikajua anajua. Akataja bei. Si bei ya jahazi la Seyyid Said, lakini si ya kudharau. Ingelipa umeme wa miezi kadhaa. Akamgeukia shangazi: unasemaje, mama?

Shangazi akalitazama bakuli, akautazama mtungi ulio wazi, nzi mmoja anauzunguka.

Akasema, "Na mtungi nifunikie nini?"

Akalifudikiza mahali pake, akamwekea simba kikombe kichwani.

Wasikilizaji, muda wangu umekwisha. Tukutane wiki ijayo saa hizi hizi, inshallah. Na chungu chako, tazama, kinaungua.